Gitaa la Kaka na Mkono Uliobaki

Kiharusi kilimkuta kaka yangu juu ya ngazi, nyumbani kwake kijijini Kisiwani, akibadilisha balbu ya barazani. Hakuanguka. Mkewe, ambaye ni wifi yangu, anasema alishuka mwenyewe polepole, akaketi kizingitini, akamtazama kama mtu aliyetaka kuuliza jambo kisha likamtoka. Alipomshika mkono wa kulia aliukuta umelegea kama kanga iliyolowa. Akamuuliza anaumwa wapi. Kaka akajibu, "Haya." Akamuuliza kama anamtambua. "Haya." Majirani walipokuja mbio na vijana wakamwamkia shikamoo, aliitikia kwa neno hilo hilo.

Hospitalini Same walituambia ubongo umeumia upande wa kushoto, na ndiyo maana mwili umelala upande wa kulia na maneno yamekwenda. Walisema maneno huenda yakarudi. Hawakusema lini, nasi hatukuwa na ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Alitakiwa awe anafanya mazoezi ya viungo pale hospitalini, na njia ya Kisiwani si ya kumpitisha mgonjwa kila mara, kwa hiyo wakahamia kwangu mjini, yeye na wifi. Tangu binti yangu aolewe naishi peke yangu. Nina duka la dawa za mifugo si mbali na stendi, na nyumba yangu ina nafasi.

Gari iliyowaleta ilishusha godoro, masufuria, mchele wa shambani kwao, halafu gitaa lake la umeme lililoviringishwa kwenye blanketi, amplifaya yake, na boksi la bati la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Wifi, gitaa la nini sasa?" nilimuuliza tukiwa jikoni, kaka asisikie.

"Ningeliachaje?" alisema. "Wakati tunapakia hakuondoa macho pale lilipo."

Kaka alikuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge. Huko ndiko alikojifunzia gitaa akiwa kijana, kwa mfanyakazi mmoja aliyetoka upande wa Kigoma, kwa sababu kambi za mkonge zilijaa watu wa kila kabila, na kila aliyekuja alikuja na muziki wa kwao. Baadaye kaka aliokoka, akaacha kupiga kwenye vilabu, akaingia kwaya ya kanisa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la solo. Sijui niielezeje sauti yake. Sisi tuliozaliwa milimani tunajua maji yanavyosikika asubuhi ndiva inapofunguliwa, yale yaliyokusanywa bwawani usiku kucha yanapoanza kushuka mferejini kuelekea mashambani: kwanza kidogo, halafu yanang'aa juu ya mawe. Solo ya kaka ilikuwa hivyo. Safi. Hakupenda kelele. Kijana akileta gitaa linalokwaruza kama shoka kwenye bati, kaka alikuwa akiziba sikio moja kwa kidole huku akitabasamu, ili asimvunje moyo.

Lile boksi la bati ndilo lililokuwa siri ya sauti yake. Alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa. Waya wa gitaa uliingia upande mmoja, ukatokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya, na katikati pale sauti ilipata mwangwi mdogo, kama mtu wa pili anaitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Hata gitaa lenyewe alikuwa amelifungua na kulifunga mara nyingi, akabadilisha swichi, akaongeza kitufe ambacho hakikuwepo. Hakuwahi kumweleza mtu kilifanya nini.

Kwa Kiswahili mtu anaweza kuishi muda mrefu akiwa na neno "haya" peke yake. Tuligundua hilo upesi. Kulikuwa na haya ya njaa, haya ya asante, haya ya niacheni, na haya moja ndefu ya jioni ambayo hatukuielewa. Wifi alikuwa mwepesi kuliko mimi. Mimi nilikuwa nakisia, nakosea, naleta chai mtu anataka dirisha lifungwe, maana upepo wa Same ukianza hauna adabu, unaingiza vumbi mpaka kwenye sukari.

Alasiri moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta amekodolea macho ile blanketi kwenye kona. Nikaikunjua. Nilikuwa sijawahi kushika gitaa maishani mwangu. Kaka akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akanionyesha kwa kidole: waya huu hapa, ule kwenye bati, bati kwenye amplifaya, halafu swichi. Nilipiga uzi mnene wa juu kwa kidole gumba. Ukalia chumba kizima, na nyuma yake ule mwangwi ukaitikia.

Kaka alifumba macho.

Hapo ndipo nilipoanza. Si kwa kupenda muziki. Nilianza kwa sababu kilikuwa kitu cha kwanza tangu kiharusi nilichoweza kumfanyia kikaonekana usoni kwake. Mwalimu wa kwaya yetu ya mjini alinionyesha namna ya kubana vidole, mengine nikayasaka kwenye video za mtandaoni. Ncha za vidole ziliniuma, nikawa nafungua chupa za dawa ya kupe kwa meno. Kila nilipokosea kaka alisema haya. Kila nilipopatia alisema haya pia, lakini kwa upole zaidi, au nilijidanganya hivyo.

Kisha boksi likaungua.

Mimi nilikuwa dukani. Umeme ulikatika mchana, jambo la kawaida, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Hata dukani kwangu balbu ilipasuka na jokofu la chanjo likagoma. Nyumbani, boksi na amplifaya vilikuwa vimeachwa vimechomekwa ukutani. Kaka alikuwa peke yake sebuleni kwenye kiti chake, wifi yuko uani anafua. Wifi alisikia, "Haya! Haya!" Akajibu, "Nakuja, baba," akamalizia kukamua shuka. "Haya! Haya!" Akadhani anataka maji. Alipoingia na kikombe akakuta moshi mweusi unatoka kwenye bati, na kaka ameshuka kwenye kiti, yuko sakafuni, anajivuta kwa mkono mmoja kuelekea ukutani kwenye plagi. Alikuwa amefika katikati ya chumba.

Niliporudi wifi alikuwa analia jikoni. "Alikuwa ananiambia," alisema. "Alikuwa ananiambia kabisa, na mimi nakamua shuka."

Ningekuwepo mimi ningefikiria dirisha.

Nililipeleka lile bati kwa fundi wa redio na simu anayekaa kibanda cha pili kutoka dukani kwangu. Ni mtu mchangamfu, anaongea kuliko anavyotengeneza, lakini ni mwaminifu. Aliling'oa kifuniko, akanusa, akapiga mluzi.

"Mama, aliyetengeneza hiki aliacha mchoro?"

"Mchoro uko kichwani mwake."

"Basi tumuulize."

"Haongei."

Fundi alinitazama, akatazama lile bati. "Hapa vitu vimeungua mpaka maandishi yamefutika. Siwezi kujua hiki kilikuwa kipi. Naweza kuweka kitu, kitalia, lakini hakitalia vile."

Hata hivyo alikuja nyumbani, nami nilimshukuru kwa hilo. Alimwamkia kaka, akakaa chini mkekani, akatandaza vipande vyake kwenye gazeti, akawa anainua kimoja kimoja. "Ni hiki mzee? Cha ukubwa huu?" Kaka alitikisa kichwa. "Hiki?" Kaka akafungua mdomo. Tuliona neno linakuja. Lilipanda kifuani, likafika shingoni, mishipa ikasimama, kijasho kikamtoka, na kilichotoka mdomoni kikawa haya. Akajaribu tena. Haya. Akapiga gazeti kwa mkono wa kushoto, vile vipande vikatawanyika chini ya makochi. Fundi akaviokota vyote. Tulipomsindikiza hadi nje akaniambia, "Mama, tusimtese."

Kwa hiyo nikaamua kuitafuta ile sauti mwenyewe. Nikikumbuka sasa, ule ulikuwa wazimu wa aina yake. Nilijifunza kwamba duniani kuna vijisanduku vya kukanyaga kwa mguu, pedali wanaziita, na kila kimoja kina kazi yake: hiki kinaleta mwangwi, hiki kinatetemesha sauti, hiki kinaikwaruza, hiki kinaifanya kama unapigia kisimani. Niliagiza moja kutoka Dar es Salaam, mtumba, ikaja na basi ndani ya boksi la viatu. Mwangwi wake ulikuwa mzuri mno, umenyooka, hauna bonde ndani yake. Kaka alisikiliza akageukia ukuta. Nikaagiza nyingine. Nikabadilisha nyaya. Nikabadilisha nyuzi, chuma kwa nikeli, nene kwa nyembamba. Nilishinda kutwa kaunta, huku dawa za minyoo, huku dawa za kupe, simu imeegemezwa kwenye chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi, natazama watu wa nchi nyingine wakibishana ni pedali ipi itangulie ipi.

Mzee mmoja mfugaji, mteja wangu wa siku nyingi kutoka tambarare za chini, aliinama kaunta akatazama nami.

"Daktari," aliniuliza, maana wafugaji huniita hivyo ingawa si daktari, "huyu anakanyaga nini?"

"Anatafuta sauti."

"Aliipoteza?"

"Siyo yake. Ni ya kaka yangu."

Akafikiri. "Ng'ombe akipoteza sauti tunajua ni koo," alisema, kisha akaniagiza dawa yake na kuondoka. Hakuwa ananitania. Alikuwa ananionea huruma kwa njia ya vitu anavyovijua.

Mojawapo ya zile video ndiyo iliyonipa wazo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa zuri. Kijana alikuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto tu. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka mfukoni kwa maringo. Vidole vya kushoto vilikuwa vinagonga nyuzi kwenye shingo ya gitaa kama nyundo ndogo, na kila vilipogonga, noti ililia. Nilirudisha video nyuma. Nikaitazama tena. Alieleza kwamba gitaa likiwa na nguvu ya kutosha, nyuzi zikiwa laini na zimeshushwa karibu na shingo, na ukiwa na pedali inayoinua sauti ndogo ilingane na kubwa, basi hata mguso wa kidole utasikika.

Mkono wa kushoto. Wa kaka ulikuwa mzima. Huo ndio mkono uliokuwa unazijua nyimbo zote. Wa kulia ulikuwa unakwangua tu nyuzi.

Nilifunga duka mapema, nikapita nyumbani kuchukua gitaa, nikaenda kwa fundi nikihema. Nilipomweleza akasema, "Tuanze na hili gitaa lenyewe. Pikapu yake moja imekufa." Nikadhani anazungumzia gari. Akacheka mpaka akashika meza. Pikapu kumbe ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele; ndizo zinazosikia uzi. Nikaagiza nyingine, yenye nguvu zaidi. Tukashusha nyuzi mpaka zikakaribia kugusa vyuma vya shingoni. Nikafunga kitambaa cha kitenge juu kabisa ya shingo, jinsi nilivyoona kwenye video, ili nyuzi ambazo hazijaguswa zisipige kelele zenyewe. Nikanunua ile pedali ya kulinganisha sauti, na nyingine ya kuongeza nguvu, ile ya kukwaruza.

Tulipowasha, chumba kilijaa mngurumo kama mashine ya kusaga.

"Nyumba yako haina ethi," fundi alisema. Maana yake, umeme wangu haukuwa na njia ya kushuka ardhini, na kadiri tulivyoongeza nguvu ndivyo mngurumo nao ulivyokua. Tukapigilia fimbo ndefu ya shaba nyuma ya jiko na kuivutia waya. Mngurumo ukabaki. Fundi akapiga ardhi kwa kisigino. Ardhi ya Same wakati wa kiangazi ni kama chungu kilichochomwa, haipokei kitu, hata umeme. "Mwagia maji hapa kila siku," alisema. "Udongo ukilowa utapokea." Basi mimi na wifi tukawa tunamwagia pale maji tuliyooshea vyombo. Mke wa jirani alituuliza tumepanda nini. Wifi alisema, "Tumepanda chuma," na siku ile tulicheka wote wawili kama watu wasio na mgonjwa.

Mngurumo ulipungua. Haukuisha.

Tulimjaribisha kaka Jumapili baada ya ibada. Mwalimu wa kwaya naye alikuja. Tulimkalisha vizuri, mito pande zote, nikamvalisha gitaa kwa mkanda, nikaliweka pajani pake, nikauinua mkono wake wa kulia nikaulaza juu ya gitaa pale ulipozoea kukaa. Ulikuwa mzito na wa baridi. Nikakanyaga pedali zote mbili.

"Kaka, piga kwa huo wa kushoto tu. Gonga. Utasikika."

Alinitazama kama hakunielewa. Kisha akagonga uzi kwa kidole cha shahada, na noti ikalia.

Akashtuka. Akautazama mkono wake. Akagonga tena, kidole cha pili, cha tatu, na mara vidole vikakumbuka njia yao, vikaanza kutembea, na tukausikia mwanzo wa solo yake, ile ya wimbo wa mavuno ambayo Kisiwani nzima inaijua. Kipande tu. Wifi alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwalimu wa kwaya alisimama bila kujua kwamba amesimama. Mimi nilikuwa naangalia uso wa kaka, kwa hiyo niliona ulivyobadilika.

Alikuwa ameanza kuisikia ile sauti.

Haikuwa ya maji. Ilikuwa ya bati na shoka. Ili mguso wake mdogo usikike ilibidi tuipige sauti mijeledi, na kila noti ilitoka imechanika, ikiburuta mkia wa kelele nyuma yake. Kati ya noti na noti mngurumo ulijaza nafasi, zile nafasi ambazo yeye alikuwa anaziacha makusudi. Akaacha kupiga. Akajaribu tena, kwa wepesi zaidi, kama mtu anayepita pembeni ya mbwa aliyelala. Ikanguruma vile vile.

"Ngoja, kaka, ngoja," nilisema, nikapiga magoti kwenye zile pedali. Nikapunguza nguvu. Kelele zikaisha, na noti nazo zikaisha. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi na hakukuwa na chochote. Nikaongeza. Kukanguruma. Nikazungusha kitufe cha toni, nikapunguza hiki, nikazidisha kile, nikachomoa pedali moja, nikairudisha. Yeye alikuwa ananisubiri. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alisubiri kwa adabu, vidole vimeinuliwa, kama alivyokuwa akiwasubiri wanakwaya wageni wapate ufunguo wa wimbo. Nilizungusha kila kitufe kilichokuwepo. Hapakuwa na mahali katikati. Ama sauti ya watu wengine, ama kimya.

"Acha tu, dada," mwalimu wa kwaya alisema taratibu.

Kaka aliweka kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote kuzinyamazisha, jinsi wapiga gitaa wanavyofanya wimbo ukimalizika. "Haya," akasema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Siku zilizofuata nilijaribu tena kumpa gitaa. Kila nilipolisogeza aliuficha mkono wa kushoto kwapani, chini ya shuka, na kutazama dirisha. Wifi akaniambia, "Wifi, umejitahidi. Mwache." Nilimwacha. Lakini sikuweza kuacha kuwaza. Njiani kwenda dukani nilikuwa nahesabu ni kitu gani sijakijaribu. Niliagiza pikapu nyingine, nikaifunga mwenyewe kwa pasi ya kulehemu niliyoazima, nikaunguza kidole na kona ya kaunta. Nilipoisikia, ilikuwa afadhali kidogo, na afadhali ile haikumfaa mtu yeyote.

Baada ya mvua za masika hospitali ilisema mazoezi yaliyobaki anaweza kuyafanyia nyumbani. Alikuwa anaweza kutembea kwa fimbo, kwa kuuburuta mguu. Maneno yalikuwa hayajarudi. Siku gari ilipokuja kuwachukua, wifi alilibeba gitaa ndani ya blanketi akaliweka na masufuria. Kaka alikuwa ameshakaa mbele karibu na dereva. Alimwona kwenye kioo, akaanza kugonga mlango kwa kiganja. "Haya! Haya!" Safari hii wifi hakungoja. Alishusha sufuria, kaka akatikisa kichwa. Akashusha godoro, akatikisa. Akashusha gitaa. Kaka akanyamaza. Nilimsogelea dirishani nikiwa nimelipokea mikononi, nikamuuliza, "Nikuwekee tu? Ukilihitaji niteremke nalo?" Akaweka kiganja juu ya ile blanketi, akasukuma kuelekea kwangu. Si kwa nguvu. Kisha akamtazama dereva.

Sijajua mpaka leo kama alinipa au alilikataa.

Gitaa liko kwangu. Mwalimu wa kwaya aliniomba nishike gitaa la ridhimu, lile la kusindikiza, kwa kuwa aliyekuwa akishika amehamia Arusha, nami nikakubali kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Ndugu wa kanisani wanavumilia. Nachomeka waya moja kwa moja kwenye amplifaya, bila chochote katikati. Zile pedali ziko rafu ya chini dukani, nyuma ya mabomba ya kunyunyizia dawa, na wateja huuliza ni za kutibu nini.

Majuzi niliteremka Kisiwani kuwaona. Nilimkuta kaka barazani kwenye kiti cha kamba, milima nyuma yake imefunikwa na wingu, wifi yuko kando anapepeta mchele.

"Shikamoo, kaka."

"Haya."

Nilikaa kwenye kigoda. Tulizungumza na wifi habari za mashamba, za mbuzi waliokufa, za binti yangu. Ilinichukua muda kuona kwamba vidole vya kushoto vya kaka vilikuwa vinacheza juu ya paja lake la kulia, lile lisilosikia. Vilipanda, vikashuka, vikabana, vikaachia.

"Anafanya hivyo kutwa," wifi alisema alipoona ninapotazama. "Nilidhani ni mishipa. Nilitaka kumwambia daktari."

"Siyo mishipa," nilisema.

Kwa sababu umbo moja la kubana nyuzi nililitambua. Ni lile la vidole vitatu linaloniumiza kidole cha mwisho, na baada yake likaja lingine ambalo mwalimu wa kwaya amenipigia kelele nalo sana. Kisha yakaja mengine nisiyoyajua, mengi, yakifuatana bila kukwama, huku uso wake ukiwa umetulia, ameelekeza macho barabarani.

Wifi aliacha kupepeta. "Ni wimbo gani?"

Niliweka mkono wangu wa kushoto pajani nikajaribu kumfuata. Nilipopata umbo la kwanza yeye alikuwa ameshapita mengine kadhaa. Nikaanza upya mahali alipofika. Akapita tena.

"Sijui," nilimwambia wifi. "Anakwenda haraka."

Wifi akaweka ungo chini, akavuta kigoda chake akakaa upande wa pili wa kaka. Tukawa tunamtazama vidole, mimi huku, yeye kule, mpaka basi la kurudi Same likapiga honi barabarani.